SOMO LA AFYA: KISOGO BAPA CHA MTOTO MCHANGA, NA KOFIA INAYOVISHWA KUKIREKEBISHA



Katika mikutano ya matawi imeulizwa zaidi ya mara moja kama mfuko wetu wa kusaidiana waweza kumpa mzazi fedha za kuagizia kofia ngumu ya mtoto, mfano wa zile tunazoziona katika picha za simu, ambazo watoto wa Ulaya na Marekani huvishwa ili vichwa vilivyobonyea virudi kuwa vya mviringo. Shauri la fedha ni la Kamati na Mkutano Mkuu, wala si la Katibu. Lakini watu hawawezi kushauriana vyema juu ya jambo wasilolijua, na kwa hivyo somo la safari hii tumelitenga kwa habari hiyo. Twaomba lisomwe kwa sauti katika kila tawi, wanawake kwa wanaume.

FUVU LA MTOTO LILIVYO

Fuvu la mtoto mchanga si mfupa mmoja. Ni vipande kadhaa vya mfupa mwembamba vilivyoungana kwa maungio laini. Pale maungio yanapokutana juu ya kipaji pana nafasi isiyo na mfupa, nayo ndiyo utosi, ambao aghlabu hufunga mtoto akiwa baina ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu.

Mwenyezi Mungu ameliumba hivyo kwa hekima mbili. Ya kwanza, kichwa kipate kujibana na kupita njia ya uzazi. Ya pili, ubongo upate nafasi ya kukua. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na kichwa chenye mzunguko wa kadiri ya sentimita 35, na akifika mwaka mmoja huwa kadiri ya sentimita 46. Kichwa hakitakua tena kwa kasi namna hiyo maisha yake yote.

Basi kitu laini kinachokua upesi hufuata kinachokizuia. Mtoto akizaliwa na kichwa kirefu kwa sababu ya uzazi mgumu, umbo hilo hurudi lenyewe kwa siku au wiki chache. Lakini akilalia upande mmoja usiku na mchana, kisogo cha upande ule hubaki bapa, na kichwa hukua kwa upande ulio huru. Ukimtazama kwa juu utaona sikio la upande uliobonyea limesogea mbele, na kipaji cha upande huo huo kimetokeza kidogo.

KWA NINI JAMBO HILI LIMEZIDI

Zamani huko Marekani wazazi wengi waliwalaza watoto kifudifudi. Uchunguzi ukaonyesha kuwa watoto wanaolala hivyo hufa ghafla usingizini kwa wingi kuliko wanaolala chali. Mwaka 1992 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikashauri mtoto asilazwe kifudifudi, na mwaka 1994 ikaanzishwa kampeni ya nchi nzima ya kuwalaza chali. Vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Hapo ndipo madaktari walipoanza kuletewa watoto wengi wenye visogo bapa.

Ndugu Wanachama, tulishike hili kabla ya yote. Kisogo bapa ni ila ya umbo. Ubapa unaotokana na kulalia haubani ubongo. Mtu asije akamlaza mtoto kifudifudi usingizini kwa kuogopa kisogo, akawa amekimbia mvua na kuingia baharini.

KOFIA YENYEWE

Habari za kofia kwa tiba hii ziliandikwa mwaka 1979 na daktari Sterling Clarren wa Seattle, Marekani. Kwa nje ni plastiki ngumu, na kwa ndani imetiwa sponji. Watu wengi hudhani kuwa inakiminya kichwa. Sivyo. Kofia huligusa fuvu pale lilipotokeza, na pale lilipobonyea huachwa nafasi tupu. Kichwa kinapokua hukuta njia iko upande ule mmoja tu, kikaujaza. Sisi kofia zetu zikisha kufuliwa hutiwa wanga na kuvishwa kwenye kalibu zipate umbo. Huku kofia ndiyo kalibu, na kinachotengenezwa ni kichwa.

Kwa kuwa kazi yote hufanywa na ukuaji wa mtoto, wakati wake ni mfupi. Aghlabu huanzwa mtoto akiwa na miezi 4 hadi 6, na akipita mwaka mmoja faida iliyobaki ni ndogo. Huvaliwa saa 23 kwa siku, kwa miezi kadhaa, na huvuliwa kwa kuoga na kusafishwa. Hutengenezwa kwa kipimo cha kichwa cha mtoto yule yule, na kila wiki moja au mbili fundi wake huitazama na kuikwangua ndani kwa kadiri kichwa kilivyokua. Kofia isiyotazamwa huja ikambana mtoto na kumchubua. Kwa hivyo kofia iliyoagizwa kwa picha na kuletwa katika kifurushi, pasipo fundi wa kuifuata, haifai kitu hata kama imelipiwa maelfu ya dola.

JE, INAPONYA?

Hapa wataalamu hawajakubaliana, na yafaa tuseme kweli. Huko Uholanzi walichaguliwa watoto 84 wa miezi 5 hadi 6 wenye vichwa vilivyobonyea kwa kadiri au zaidi kidogo. Nusu wakavishwa kofia kwa miezi sita na nusu wakaachwa wakue wenyewe, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014. Walipopimwa wakiwa na umri wa miaka 2, waliopona kabisa katika wenye kofia walikuwa 10 kati ya 39, na katika wasiovaa walikuwa 9 kati ya 40. Tofauti hiyo si kitu. Tena wazazi wote wa watoto waliovaa kofia walitaja udhia fulani, kama vile ngozi kuwasha, jasho au harufu. Na hiyo ni nchi ya baridi. Mwenye kujua joto letu la kaskazi na apime mwenyewe.

Hata hivyo katika uchunguzi ule hawakuingizwa watoto waliobonyea vibaya sana, wala wenye shingo iliyokaza. Mwaka 2016 madaktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani walitoa mwongozo unaokubali kofia kwa mtoto ambaye ubapa wake ni wa kadiri au mkubwa, na ambaye amekwisha kugeuzwa na kunyooshwa asipate nafuu. Walipokutana wote ni hapa: tiba ya kwanza ni kumgeuza mtoto mapema, na tiba hiyo hainunuliwi. Udongo uwahi ungali maji.

YALIYO MIKONONI MWETU

1. Mtoto alazwe chali kila anapolala, usiku na mchana, juu ya malalo yasiyobonyea. Leo kichwa kielekee kulia, kesho kushoto.

2. Kila mwenye kitalu ajua kuwa mche wa mkarafuu huinamia penye mwanga. Mtoto naye hugeukia mlango, taa na sauti ya mama. Basi abadilishwe upande wa kulazwa kitandani, kichwa kije palipokuwa na miguu, ili autafute mwanga kwa shingo ya upande wa pili.

3. Akiwa macho, na mtu mzima yuko karibu akimtazama, alazwe kifudifudi dakika 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa siku, tangu siku zake za mwanzo, na muda uongezwe kidogo kidogo. Hapo kisogo hupumzika na shingo hupata nguvu.

4. Anyonyeshwe na kupakatwa mkono huu na huu. Abebwe.

5. Wakati wa vuno tuwe na hadhari zaidi. Kina mama hukaa kuchambua karafuu na makonyo hadi usiku, na mtoto hulazwa pembeni juu ya jamvi saa nyingi, akitazama upande ule ule wenye watu. Kila kikundi cha uchambuzi kiweke zamu: mmoja awe wa kuwageuza, kuwabeba na kuwachezesha watoto.

6. Tusiweke mto wala nguo zilizokunjwa chini ya kichwa cha mtoto aliyelala. Mwaka 2022 idara ya Marekani inayosimamia dawa na vyombo vya tiba iliwaonya wazazi wasitumie mito inayouzwa kwa kutengenezea vichwa, kwani mtoto aweza kukosa pumzi. Na wazee wetu wanaowakanda watoto, Mungu awalipe kheri, twawaomba mkono uwe laini kichwani, fuvu lisibanwe wala utosi usikandamizwe.

Mtoto akianza kugeuka na kukaa mwenyewe, kiasi cha miezi sita, kisogo hakilaliwi tena siku nzima, na wengi hupata nafuu kwa hilo. Umbo likibaki na kasoro kidogo, nywele huisitiri.

YASIYONGOJA

Yako mambo manne ambayo mzazi asiyaweke nyumbani.

La kwanza, mtoto aliye macho na kila siku ageukia upande mmoja tu, au shingo yake ni ngumu kugeuka. Huenda msuli wa shingo umekaza, naye ahitaji kunyooshwa na mwenye ujuzi wa viungo.

La pili, kichwa kilichozaliwa na umbo la ajabu ambalo halirudi bali lazidi, au kuna tuta gumu juu ya maungio ya fuvu, au utosi umefunga mapema mno. Huenda maungio yameungana kabla ya wakati wake. Jambo hili humpata mtoto mmoja katika kila 2,000 au 2,500 wanaozaliwa. Kofia peke yake hailiponyi, wala kumgeuza hakulisaidii. Aghlabu dawa yake ni kupasuliwa, na namna nyengine ya upasuaji ulio mwepesi yawezekana katika miezi michache ya mwanzo tu.

La tatu, kichwa kinachokua kwa haraka, utosi umevimba, mtoto atapika, au macho yake yatazama chini daima. Hizo ni dalili za maji kujaa kichwani. Hapo tusihesabu siku.

La nne, mtoto aliyechelewa kushika shingo kuliko wenziwe, hata kama kisogo chake ni kizuri.

Njia ni kituo cha afya kwanza, apimwe mzunguko wa kichwa na uandikwe katika kadi yake, kisha hospitali kwa barua. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, jengo la upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo lilifunguliwa mwaka 2014.

SHAURI LA KUPELEKWA MKUTANONI

Kwa tuliyoyasoma, naona fedha za mfuko zisitumiwe kuagiza kofia. Bali nashauri pawepo fungu dogo la nauli ya boti na malazi kwa mzazi ambaye mtoto wake ameandikiwa barua ya hospitali kwa dalili tulizozitaja, litolewe siku ile ile bila ya kungoja kikao. Wanachama walipime hilo, walikatae au walikubali.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA MATAWINI

1. Kwa nini mtoto hulazwa chali, ijapokuwa kisogo chaweza kuwa bapa?
2. Kofia ngumu hufanya kazi kwa nguvu ya nini, na kwa nini haifai kuagizwa kwa picha?
3. Utatofautishaje kichwa kilichobonyea kwa kulaliwa na kichwa ambacho maungio yake yamefunga mapema?
4. Katika tawi lenu, nani atakuwa wa zamu ya watoto wakati wa uchambuzi?
5. Je, mwaafiki fungu la nauli? Liwe kiasi gani?

Majibu ya swali la 4 na la 5 yaletwe ofisini kwa maandishi kabla ya Mkutano Mkuu.

Wabillahi Tawfiq.

KATIBU