Somo: Kuweka Taimingi ya Pikapu ya Kikundi

Vikundi kadhaa vyenye pikapu ya kubebea maziwa au mboga vimetuuliza swali moja: je, ni kweli ukizungusha distributa kidogo gari linapata nguvu zaidi? Jibu letu ni kwamba mara nyingine ni kweli, mara nyingi si kweli, na mara nyingine ndiyo njia ya mkato ya kutoboa pistoni na kumaliza akiba ya wanachama wote. Kwa hivyo tumeonelea tufanye somo zima juu ya jambo hili, ili hata mama mweka hazina ambaye hajawahi kufungua boneti aweze kumwuliza dereva maswali yanayofaa.

Tunazungumza juu ya gari kuukuu la petroli, lenye kabureta, distributa na pointi, kama vile Datsun 1200 au Peugeot 504. Magari ya kisasa taimingi yake hupangwa na kompyuta, na mengi hayana distributa kabisa, kwa hivyo hapo hakuna cha kuzungusha. Gari la dizeli nalo haliwashwi kwa cheche. Taimingi yake iko kwa pampu, na hiyo mwachieni fundi wa pampu.

Taimingi ni kitu gani?

Fikirini mtu anayepanda mlima kwa baiskeli. Akikanyaga pedeli kabla haijafika juu kabisa, anajizuia mwenyewe. Akikanyaga ikiwa imeshashuka nusu, nguvu imepotea bure. Lazima mguu uwe na nguvu zake pale pedeli inapoanza tu kushuka. Pistoni ni vivyo hivyo. Moto wa petroli unatakiwa uisukume kwa nguvu zote wakati imevuka kilele kwa digrii 15 hivi za mzunguko.

Lakini petroli haiwaki yote mara moja. Inahitaji muda, kama sehemu 2 kati ya 1,000 za sekunde. Ni muda mdogo sana, hata kufumba jicho ni kurefu zaidi. Hata hivyo, injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika inakuwa imegeuka digrii 36 katika muda huo. Ndiyo sababu cheche hutolewa mapema, pistoni ikiwa bado inapanda. Na ndiyo sababu ndani ya distributa mna vizito viwili vyenye springi: injini ikienda mbio vizito vinatanuka na kuisogeza cheche mbele zaidi. Kando yake kuna kopo dogo lenye mpira ndani, linalovutwa na hewa ya kabureta kwa kazi hiyo hiyo. Springi zikilegea au mpira ukipasuka, hata mkizungusha distributa mpaka jioni gari halitakaa sawa. Kopo mnaweza kulipima kwa kuchomoa paipu na kuivuta kwa mdomo. Kama hewa inapita tu, mpira umekwisha.

Cheche ikichelewa, gari linakuwa zito, linakula petroli, linachemka, na ekzosti inakuwa moto kupita kiasi. Gari la namna hii ndilo linaloweza kurudishiwa nguvu kwa kuweka taimingi. Cheche ikiwahi mno, moto unaikuta pistoni ingali inapanda na kuigonga. Mtasikia mlio kama wa misumari ikitikiswa ndani ya mkebe, hasa mlimani. Siku hizi watu husema "injini imenoki" wakati imeshakufa na inavutwa kwa kamba. Kumbe kunoki kunaanza na mlio huo mdogo, na aliyeusikia mapema alikuwa na nafasi ya kuokoa gasketi, beringi na pistoni.

Jinsi ya kuiweka nyumbani

Egesheni mahali tambarare nje ya nyumba, kwa sababu moshi wa gari ndani ya chumba unaua. Toeni gia, vuteni breki ya mkono, wekeni mawe kwa magurudumu. Asiwepo mtu mwenye leso au tai inayoning'inia karibu na feni. Waya za plagi zina volti zaidi ya 10,000, basi msizishike injini ikiwaka.

Anzeni na pointi. Zisafisheni, kisha mpime mwanya kwa fila kama kitabu cha gari kinavyosema. Hatua hii watu huiruka, halafu wanashangaa. Mwanya ukiwa mkubwa, pointi hufunguka mapema na taimingi inasogea mbele. Ukiwa mdogo, inarudi nyuma. Ukiweka taimingi kwanza kisha pointi, umeharibu kazi yako mwenyewe.

Sugueni puli ya mbele ya injini kwa brashi ya waya mpaka alama zake zionekane, mzipake chaki. Fungueni plagi zote. Mtu mmoja azibe tundu la silinda ya kwanza kwa kidole gumba, mwingine ageuze injini polepole kwa spana kwenye boliti ya puli, upande ule ule inaozungukia siku zote. Hewa ikisukuma kidole, pistoni hiyo inapanda kugandamiza. Endeleeni mpaka alama ifike kwa digrii za kitabu. Mkipitiliza, rudini nyuma robo mzunguko ndipo mje mbele tena, maana cheni ina ulegevu wake. Magari mengi silinda ya kwanza iko upande wa feni, lakini kwa Peugeot 504 huhesabiwa kutoka upande wa gia boksi. Hapo mafundi wengi wa kubahatisha wamekwama.

Fungueni kofia ya distributa mwone kama rota inaelekea waya wa silinda ya kwanza. Chukueni balbu ya volti 12 yenye waya mbili. Mmoja ungeni kwa koili, pale waya wa kwenda distributa unapotokea, na mwingine kwa bodi ya gari. Washeni swichi, bila kupiga stata. Legezeni boliti inayoshika distributa. Izungusheni kidogo upande ambao rota huzungukia mpaka balbu izime, kisha irudisheni polepole sana kinyume chake. Pale pale balbu inapowaka, simameni, kazeni boliti. Kuwaka kwa balbu ni kufunguka kwa pointi, na ndiyo saa ya cheche. Geuzeni injini mizunguko miwili kamili mwone kama balbu inawaka kwenye alama ile ile. Kisha zimeni swichi, kwa sababu koili huungua ikiachwa na moto huku pointi zimefunga.

Mkumbuke kwamba distributa huzunguka mara moja injini ikizunguka mara mbili. Kwa hivyo digrii 1 ya mkono wako ni digrii 2 za injini. Anayesema "sogeza kidogo tu" kwa kugonga na nyundo hajui anachosema.

Rudisheni plagi na kofia, mwende barabarani. Tafuteni mlima mdogo, gia ya juu, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kisha kanyageni mafuta ghafla. Mlio mdogo unaopotea mara moja si hatari kwa injini hizi za zamani. Ukiendelea, rudisheni taimingi nyuma kwa digrii 1 au 2, mjaribu tena.

Mahali na mafuta

Kikundi cha Nyahururu kinalalamika kwamba pikapu yao ni dhaifu kuliko ile ile ikiwa Mombasa. Wanasema kweli, lakini distributa haina makosa. Nyahururu iko mita 2,300 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi, kwa hivyo injini ya kawaida inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Nguvu hiyo hairudishwi kwa spana. Huko juu injini huvumilia cheche ya mapema kidogo bila kugonga, na hapo ndipo mtego ulipo. Gari lililosogezwa mbele huko likateremka Mombasa na mzigo, litaanza kugonga njiani, na dereva mwenye redio kubwa hatasikia.

Mafuta nayo ni mambo. Zamani petroli ilitiwa risasi ili isigonge, na risasi hiyo iliondolewa katika nchi zetu mwanzoni mwa 2006. Shida kubwa tunayoijua vijijini ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hugonga haraka sana. Serikali ilitoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuzuia mchezo huo. Kama gari lilikuwa sawa jana na leo linagonga baada ya kujaza tangi kwenye mitungi ya kando ya barabara, msiiguse distributa. Ulizeni kwanza mafuta yalinunuliwa wapi, na risiti iko wapi.

Katika mkutano wenu ujao, dereva awaonyeshe alama za puli na boliti ya distributa, na mkubaliane ni nani peke yake anaruhusiwa kuilegeza. Katibu aandike kwenye daftari digrii za kitabu cha gari lenu, tarehe ya kazi, na kilomita ambazo lita 10 zinaenda kabla na baada. Je, daftari la pikapu yenu lina habari hizo sasa? Kama halina, mnajuaje kwamba fundi wa mwezi jana aliongeza nguvu na si kelele?