Kuzima mlio wa sakafu ya mbao

Swali: Sakafu yetu ya zamani inalia tukikanyaga. Tukitandika mpya juu yake, itanyamaza?

Jibu: Haitanyamaza, mtakuwa mmeufukia mlio tu. Mbao zikikauka hunywea, misumari hulegea, na kila hatua huufanya ubao upande na kushuka, ukisuguana na msumari au boriti. Fundi atasema apigilie misumari upya, kwani ni rahisi na haraka. Lakini msumari laini hushikiliwa na mbano wa mti peke yake; mti ukinywea tena, mmerudi mlikoanzia. Tumieni skrubu badala yake, kwani ina meno yanayoung'ang'ania mti. Kwa ubao wa milimita 20, ya milimita 50 hufika vizuri ndani ya boriti. Chunguzeni kwanza nyaya na mabomba yaliyo chini, kisha toboeni tundu la skrubu na zamisheni kichwa. Fanyeni hivyo kabla ya kutandika mpya; mkiahirisha, mtalazimika kufumua sakafu mpya.