Jinsi ya Kusoma Hesabu ya Kaboni ya Ardhi ya Nchi Tajiri

Mwishoni mwa 2022 Finland ilitangaza kwamba mwaka 2021, kwa mara ya kwanza katika hesabu zake, ardhi ya nchi hiyo ilitoa gesijoto nyingi kuliko ilizofyonza. Robo tatu ya Finland ni misitu, na sheria yake inataka nchi ifikie ulinganifu wa kaboni, yaani isitoe zaidi ya inachofyonza, ifikapo 2035, lengo lililowekwa kwa kutegemea misitu hiyohiyo. Takwimu hizo zimo kwenye majedwali yaliyo wazi kwa kila mtu. Mwongozo huu ni wa mwandishi wa habari, mwanafunzi au mwanaharakati anayetaka kuyasoma mwenyewe bila kungoja tamko la waziri.

Hatua ya 1: Pata mafaili mawili. Nchi zilizoendelea hupeleka hesabu ya gesijoto kila mwaka kwenye sekretarieti ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, na nyingi huanzia mwaka 1990. Kuna ripoti ya maelezo, ambayo huwa na kurasa mamia, na kuna majedwali. Anza na majedwali. Matumizi ya ardhi ni sekta ya 4. Mengine yaache kwanza. Kumbuka pia kwamba takwimu mpya kabisa huwa za takribani miaka miwili iliyopita.

Hatua ya 2: Soma alama kabla ya tarakimu. Alama ya kutoa maana yake ardhi imefyonza, isipokuwepo, imetoa. Kipimo ni kilotani, yaani tani 1,000. Kisha tafuta jumla mbili za taifa: moja bila ardhi, nyingine pamoja na ardhi. Wanasiasa huchagua ile inayowapendeza.

Hatua ya 3: Fungua baki. Jumla ya sekta ni baki, kitu kilichokwisha kutolewa na kujumlishwa, na kuiamini peke yake ni sawa na kukubali faida ya mwenye duka bila kuona daftari lake la madeni. Ardhi imegawanywa mafungu sita: misitu, mashamba, malisho, ardhioevu, makazi na ardhi nyingine. La saba ni bidhaa za mbao, kwa kuwa kaboni iliyo kwenye ubao wa nyumba haijarudi hewani bado. Andika kila fungu kwenye mstari wake. Mara nyingi utakuta misitu inafyonza sana huku mashamba na makazi yakitoa mwaka hadi mwaka, na baki likiyafunika yote.

Hatua ya 4: Tenganisha ardhi iliyobadilishwa na iliyobaki ilivyokuwa. Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Kila fungu lina sehemu mbili: msitu uliobaki msitu, na ardhi iliyogeuzwa kuwa msitu; au shamba lililobaki shamba, na ardhi iliyogeuzwa kuwa shamba. Kwa kawaida kipande kilichobadilishwa hukaa kwenye sehemu ya pili kwa miaka 20, kisha huhamishwa. Sasa fikiria msitu wa misonobari uliokatwa wote. Kama utapandwa au kuachwa uote tena, kihesabu hayo si mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Ni msitu uliobaki msitu, ingawa hakuna mti uliosimama. Hewa ya ukaa ya ukataji huo imo kwenye hesabu, lakini hutaiona ukitafuta kichwa cha “ukataji wa misitu” peke yake. Ardhi ya Finland haikugeuka kuwa mtoaji kwa sababu mashamba yalimeza misitu. Miti ilivunwa kwa wingi, kasi ya ukuaji ilipungua, na udongo wa misitu iliyokaushwa kwa mitaro uliendelea kutoa.

Hatua ya 5: Chimba kwenye udongo. Peati ni tabaka la mimea iliyolala majini maelfu ya miaka bila kuoza kabisa. Ukichimba mitaro maji yaondoke, hewa huingia na peati huanza kuoza. Kiambatisho cha 2013 cha jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, kinakadiria kwamba shamba la peati iliyokaushwa katika nchi za baridi au za wastani hupoteza tani 7.9 za kaboni kwa hekta kwa mwaka. Zidisha kwa 44, gawanya kwa 12, upate hewa ya ukaa: karibu tani 29. Hekta 1,000 ni tani 29,000 kila mwaka, bila mti hata mmoja kukatwa. Kwa hiyo tafuta mstari wa udongo wa kioganiki, ambamo peati huhesabiwa, ndani ya mashamba, malisho na misitu.

Hatua ya 6: Hoji mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao miaka mingine hulinganishwa nao. Mwaka 1990 ukataji wa vichaka na misitu nchini Australia, hasa Queensland, ulikuwa mkubwa mno. Mazungumzo ya tabianchi ya Kyoto ya 1997 yaliiruhusu nchi hiyo kuingiza utoaji huo kwenye mwaka wake wa msingi. Ukataji ulipopungua, jumla ilishuka hata pale makaa ya mawe yalipoendelea kuchomwa. Naona huo ni ujanja halali, lakini ni ujanja. Chora mistari miwili, ya ardhi na ya nishati, usiichanganye.

Hatua ya 7: Uliza moto umewekwa wapi. Kanada huondoa kwenye jumla yake ya ardhi utoaji inaouona ni wa majanga ya asili, kama moto wa misitu. Mwaka 2023 ziliungua huko zaidi ya hekta milioni 15, na angahewa haikuuondoa moshi wake kwenye hesabu.

Hatua ya 8: Linganisha matoleo. Chukua mwaka mmoja, uutafute katika ripoti tatu zilizofuatana. Tarakimu za ardhi hurekebishwa sana kila mbinu au vipimo vinapobadilika, na si lazima kuwe na hila. Mifumo ya kimataifa ya kukokotoa nayo hutofautiana na hesabu za serikali, kwa sababu serikali hujihesabia karibu kila kinachofyonzwa na misitu “inayosimamiwa”.

Hatua ya 9: Andika. Sentensi yako itaje mwaka wa takwimu, toleo la ripoti, jumla bila ardhi na jumla pamoja na ardhi. Kikikosekana kimojawapo, rudi kwenye majedwali kabla ya kuchapisha.