Dondoo muhimu: Redio ya gari mezani, tazama ampea kwanza

Redio ya upepo ya gari inapowekwa kwenye meza ya fundi, wengi hutazama volti tu: pawa saplai imeandikwa 12, basi inatosha. Kumbe kinachoamua ni ampea. Redio ya VHF ya wati 50 ikiwa inasikiliza tu hula chini ya ampea 1 hivi, lakini ukibonyeza kitufe cha kuongea huvuta takriban 10 au zaidi. Ndiyo maana adapta ndogo ya kamera huiwasha vizuri na sauti hutoka safi, kisha redio huzimika mara tu unapojibu. Chagua pawa saplai ya volti 13.8 inayohimili ampea 15 mfululizo. Ile namba kubwa ya kilele iliyoandikwa kwenye boksi usiitegemee.

Wapo wanaohofia kwamba pawa saplai ya ampea 30 itaiunguza redio. Haiwezi, kwa sababu redio huvuta kiasi inachohitaji tu. Kinachounguza ni volti kupita kiasi, au kugeuza waya mwekundu na mweusi. Hatari halisi ya ampea nyingi ni waya kuwaka moto ikitokea shoti, kwa hiyo fyuzi zilizokuja na redio usizikate wala kuziruka. Waya nao uwe mnene na mfupi: wenye ukinzani wa omu 0.1 hupoteza volti 1 nzima ampea 10 zikipita. Pima volti kwenye plagi ya redio wakati inarusha, antena ikiwa imefungwa. Zikishuka chini ya 12 ilhali kwenye pawa saplai bado ni 13.8, kosa ni la waya au viungio vyake.