Kupima watoto: tusidanganywe na macho

Mtoto aliyekonda sana humtambua kila mtu. Anayetupita ni yule anayecheza na wenzake na kula ugali kila siku, ila ni mfupi kwa umri wake. Iringa, Njombe na Rukwa hulima mahindi mengi, lakini utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta takribani nusu ya watoto wa huko walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Ghala limejaa, na bado inatubidi kupima.

Kila kipimo kina kazi yake. Urefu kwa umri huonyesha udumavu, yaani upungufu wa muda mrefu ambao mara nyingi huanzia tumboni mwa mama. Uzito unaochorwa kila mwezi kwenye kadi ya kliniki hutuonya mapema: mstari ukilala au kushuka, muulize mama mtoto ameugua nini na anakula mara ngapi kwa siku. Mzingo wa mkono hutuambia nani yuko katika hatari ya kufa sasa. Utepe hauonyeshi udumavu, kwa hiyo usiache mizani kwa sababu umepata utepe.

Kutumia utepe

Utepe ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Tumia mkono wa kushoto. Kunja kiwiko, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, uweke alama. Kisha acha mkono uning'inie na uzungushe utepe kwenye alama. Usikaze hadi ngozi ibonyee, wala usilegeze. Mtoto akilia na kukaza mkono, mwache anyonye kwanza. Kipimo cha haraka huwa hakina maana.

Sentimita 12.5 au zaidi ni kijani. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano: mtoto ana utapiamlo wa kadiri na anahitaji kufuatiliwa. Chini ya 11.5 ni nyekundu. Huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Usisahau miguu

Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa vidole gumba kwa sekunde 3. Vishimo vikibaki miguu yote miwili, mtoto anaweza kuwa na unyafuzi (kwashakoo). Maji yaliyojaa mwilini humwongezea uzito, na majirani humsifu mama kwamba mtoto amenenepa! Mpeleke kituoni hata kama utepe unasoma kijani.

Nani apime?

Mhudumu wa afya hawezi kufika kila nyumba kila wiki. Nchini Niger, akina mama waliofundishwa kutumia utepe waliweza kuwapima watoto wao karibu sawa na wahudumu. Wafundishe akina mama wa kikundi chako, na akina bibi pia, maana mara nyingi wao ndio wanaoshinda na mtoto.

Mama mwenye mtoto wa nyekundu huogopa kulazwa, na kuwaacha wengine nyumbani. Mweleze kwamba mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine mkali anaweza kutibiwa akiwa nyumbani, kwa chakula dawa anachopewa kituoni. Anayekataa kula, mwenye homa kali au anayetapika kila kitu ndiye hulazwa. Ukiweza, msindikize.