Dondoo muhimu: Bundi wa darini si uchuro

Bundi akilia juu ya paa, wengi hutafuta jiwe. Liache. Huyo anawinda panya wako. Chungulia chini ya mahali anapolala: yale madonge ya manyoya na vifupa aliyoyatema ndiyo ushahidi.

Adui yake mmoja mkubwa ni sumu ya panya. Panya aliyeila mara nyingi hafi papo hapo. Huzubaa siku kadhaa, na bundi akimla huweza kufa naye. Tumia mtego.

Kinyonga naye huogopwa bure: hana sumu, waambie watoto. Mjusi wa ukutani hula mbu na nondo bila kudai mshahara.

Ndege nao wawekee maji kwenye sinia, jiwe katikati. Yabadilishe kila siku, mbu wasizaliane.