Kuhakiki Asali Kabla ya Kuilipia: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Masasi na Newala

Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua asali Masasi au Newala kwa ajili ya kula, kuuza tena, au kutia kwenye vyakula na vinywaji. Una hatua tisa. Zifuate kwa mpangilio wake, maana baadhi ya hatua zinategemea zilizotangulia.

Elewa jambo moja kabla hujaanza. Hakuna kipimo cha nyumbani kinachothibitisha kwamba asali ni halisi. Vipimo vya nyumbani vina kazi moja tu: kukataa ile mbovu. Uthibitisho hupatikana mahali pawili, kwenye sega na kwenye maabara.

Maneno matatu yatatumika kwa maana hizi tu. *Asali* ni ile ya nyuki wanaouma. Ya nyuki wadogo wasiouma ina maji mengi na uchachu kwa asili yake. Itashindwa Hatua ya 5 hata ikiwa halisi, kwa hiyo usiipime kwa mwongozo huu. *Kuchakachua* ni kuongeza maji, sukari, sharubati au wanga. *Kilinganishi* ni asali uliyoikamua mwenyewe kutoka kwenye sega.

Andaa vifaa: mizani ya dijitali inayosoma gramu 1, chupa ya kioo ya mililita 300 hivi, yenye shingo nyembamba, mitungi miwili safi yenye vifuniko, kijiko cha chai, sufuria ndogo, glasi tatu za kioo, dawa ya iodini ya dukani, unga wa muhogo kijiko kimoja, kalamu ya wino usiofutika, daftari, na karatasi ya gundi ya kubandika kwenye vifuniko.

Hatua ya 1. Acha vipimo vya mtaani. Njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye asali ikawaka, tone lililozama kwenye maji bila kutawanyika, sisimizi waliokataa kusogea: vyote havithibitishi kitu. Kiberiti huonesha tu uchache wa maji, na tone huonesha uzito wa kimiminika, na sharubati nzito ya sukari hufaulu vyote viwili. Kuganda nako si ushahidi wa sukari. Asali halisi huganda, hasa baridi ya Juni na Julai inapoingia, na wapo warina asali waliokataliwa mali yao safi kwa sababu hiyo peke yake. Harufu ya moshi pia isikutishe. Mzinga wa magome ukirinwa kwa moto, asali hubaki na moshi.

Hatua ya 2. Uliza chanzo na uandike majibu. Msalimu muuzaji kwanza, kisha uliza: "Mzee, asali hii imerinwa kijiji gani, mwezi gani, kwenye mzinga wa aina gani, na mizinga ilikuwa porini au kwenye mikorosho?" Andika majibu manne, usiyaache kichwani tu. Kama mizinga ilikuwa kwenye mikorosho, ongeza swali la tano: je, salfa na viuatilifu vingine vilipigwa lini? Mikorosho hupuliziwa dhidi ya ubwiriunga wakati uleule inapochanua, na nyuki wako juu ya maua hayo hayo. Muuzaji asiyejua kijiji wala mwezi si lazima awe mwongo, huenda yeye naye amenunua. Lakini asali yake haina chanzo, na huna sababu ya kuilipia bei ya asali yenye chanzo.

Hatua ya 3. Tengeneza kilinganishi. Nunua kipande cha sega cha gramu 200 hivi kutoka eneo lilelile na msimu uleule. Hakikisha vyumba vyake vimezibwa kwa nta. Vyumba vilivyo wazi vina asali mbichi yenye maji mengi. Kamua kwa mkono uliooshwa na kukaushwa, chuja kwa kitambaa kikavu, funika.

Hatua ya 4. Chukua sampuli. Koroga dumu mpaka chini kwa mwiko mkavu kwa dakika 2. Usiruke jambo hili: asali yenye maji mengi hukaa juu na nzito hukaa chini, hivyo ukichota juu tu utamwonea muuzaji, na ukichota chini tu utajidhulumu mwenyewe. Nunua lita 1, uigawe papo hapo. Mtungi A upate mililita 500 za kupimia. Mtungi B upate zilizobaki, ufungwe, ubandikwe karatasi ya gundi juu ya kifuniko, nawe na muuzaji mtie saini na tarehe. Mtungi B haufunguliwi nyumbani.

Hatua ya 5. Pima uzito. Hapa ndipo pa kutulia, kwa kuwa kosa la gramu chache hubadilisha hukumu.

(a) Pima chupa tupu na kavu. Andika.
(b) Weka alama shingoni. Jaza maji mpaka kwenye alama, pima, toa uzito wa chupa. Hicho ni kiasi M.
(c) Mwaga maji, kausha chupa kabisa. Tone likibaki, rudia.
(d) Jaza asali ya Mtungi A, iache usiku mzima ili mapovu yapande, kisha ongeza mpaka kwenye alama. Pima, toa uzito wa chupa. Hicho ni kiasi K.
(e) Gawanya K kwa M. Mfano: maji gramu 300, asali gramu 426; 426 ÷ 300 = 1.42.

Soma jibu hivi. Likiwa 1.40 au zaidi, endelea na Hatua ya 6. Likiwa kuanzia 1.36 lakini halijafika 1.40, asali ina maji kupita kiasi: imerinwa mbichi au imeongezwa maji, na kipimo hiki hakitofautishi mambo hayo mawili. Usimtuhumu mtu, usiinunue kwa kuhifadhi, maana itachacha. Likiwa chini ya 1.36, kataa. Sukari ya kawaida ikiyeyushwa katika maji ya joto la chumbani mpaka isiyeyuke tena, haifiki hata 1.34. Ila sharubati iliyochemshwa na kukolezwa hufika 1.40, ndiyo maana kazi haiishii hapa.

Kwa anayenunua kwa wingi, hesabu hiyohiyo ina maana kwamba lita 20 za asali huwa na karibu kilo 28, bila uzito wa dumu.

Hatua ya 6. Pima wanga. Glasi ya kwanza: unga wa muhogo kiasi cha kubana kwa vidole viwili, uliochemshwa na vijiko 4 vya maji. Ya pili: kijiko 1 cha kilinganishi na vijiko 4 vya maji, navyo vichemshwe. Ya tatu: kijiko 1 cha Mtungi A, hivyohivyo. Subiri zote zipoe kabisa, kwa sababu rangi hufifia kwenye joto. Tia matone 3 ya iodini katika kila glasi. Ya kwanza lazima iwe bluu iliyokaribia nyeusi. Isipokuwa hivyo, iodini yako imekufa na kipimo chote ni batili. Ya pili ibaki ya manjano au kahawia. Ya tatu ikifanana na ya kwanza, kuna wanga, kataa. Ikifanana na ya pili, hakuna wanga ulioonekana, basi. Sukari haionekani kwa iodini. Mwaga glasi zote. Usionje.

Hatua ya 7. Nusa na onja Mtungi A dhidi ya kilinganishi, kwa kijiko kikavu. Tafuta tofauti, usitafute utamu. Andika.

Hatua ya 8. Peleka Mtungi B maabara ikiwa unanunua kwa biashara. Anza na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula. Omba vipimo kwa majina: unyevu (usizidi asilimia 20), sukrosi (isizidi asilimia 5 kwa asali nyingi), na HMF, ambayo huongezeka asali ikichemshwa au ikikaa muda mrefu, isizidi miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali ya nchi za joto. Hivyo ni viwango vya kimataifa vya Codex. Uliza pia kama wanapima isotopu za kaboni: kipimo hicho hukamata sukari ya miwa na mahindi, na kikomo chake ni asilimia 7. Sharubati ya mpunga au muhogo hukipita, kwa sababu kaboni ya mimea hiyo inafanana na ya maua. Kwa hizo omba uchunguzi wa chavua na wa aina za sukari.

Hatua ya 9. Ukinunua kinywaji kinachodai kuwa na asali, soma lebo yake. Tafuta neno "asali" ndani ya orodha ya viambato, siyo kwenye picha ya nyuki. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Asali ikija baada ya sukari, kilichokolea ni sukari. "Ladha ya asali" si asali. "Ladha asilia" humaanisha imetoka kwenye mmea, mnyama au vijidudu, lakini si lazima iwe imetoka kwa nyuki. Umoja wa Ulaya hudai ladha asilia iliyotajwa kwa jina itoke kwa asilimia 95 angalau kwenye kitu hicho. Kwa pombe ya chupa, kagua stempu ya kodi kwa programu ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iitwayo Hakiki Stempu.

Uraka na nipa, pombe za mabibo, zikitiwa asali hazimo katika hatua hizi. Methanoli, sumu inayoweza kuwamo humo, haina harufu wala ladha ya kuitambulisha, na moto wa bluu hauioneshi. Kwa nipa isiyo na lebo hakuna kipimo cha nyumbani, usinywe.

Asali ikifaulu hatua zote, mlipe mrina bei yake kamili bila kumkata, maana mchakachuaji humshinda kwa bei tu. Na hata ikifaulu, usimpe mtoto aliye chini ya miezi 12.